Kunguru, paka na mbu: Jinsi viumbe wa mwituni walivyojifunza kuishi na watu Lamu

MTU anaposikia habari za wanyama wa mwituni nchini Kenya, fikira zake huenda moja kwa moja kwa simba wa Maasai Mara, ndovu wa Tsavo au nyati wanaovamia mashamba ya wakulima huko Hindi na Witu, upande wa bara wa Kaunti ya Lamu. Ni nadra kukumbuka kwamba viumbe wa mwituni wanaoyagusa maisha yake kila uchao wamo ndani ya mji: juu ya paa, ndani ya pipa la maji, kando ya taa ya barazani na kwenye jaa lililo karibu na soko.

Mji wa kale wa Lamu ni mahali pazuri pa kuwachunguza viumbe hao. Mji huo, ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliutia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, umekaliwa na watu mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Nyumba zake za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko zimesongamana, vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili waliobeba mizigo hupishana kwa taabu, na magari ni machache mno.

Ndani ya mji huo hakuna msitu wala mbuga. Hata hivyo, viumbe wa mwituni hawakuukimbia wote. Wako waliobaki, na wako waliosafiri maelfu ya maili kuja kuishi humo.

Kwa nini basi baadhi ya viumbe hustawi mijini ilhali wengine hutoweka? Na binadamu ana mkono gani katika jambo hilo? Haya si maswali ya wataalamu wa elimu ya viumbe peke yao. Mwaka 2004 wakazi wa kisiwa cha Lamu walilipa gharama ya maswali hayo kwa miili yao wenyewe, kama tutakavyoona.

Njia tatu za kuuzoea mji

Kwa jumla, viumbe huuzoea mji kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya wale waliofika wakiwa tayari wana maumbile yanayoufaa mji. Ya pili ni ya wale wanaojifunza, yaani wanaobadilisha tabia zao katika muda wa maisha yao na kuwaiga wenzao. Ya tatu, ambayo huchukua vizazi vingi, ni ya wale ambao maumbile yao yenyewe hubadilika, na mabadiliko hayo yakarithiwa na watoto wao.

Mfano mwepesi wa njia ya kwanza ni mjusi kafiri, yule mdogo anayeonekana ukutani usiku. Kwa asili mijusi wa aina hiyo huishi kwenye miamba na magome ya miti. Vidole vyake vina vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo humwezesha kung'ang'ania mahali palipo laini bila kuanguka. Kwake yeye, ukuta wa chokaa ni jabali tu. Hakuhitaji kubadilika ili aishi katika nyumba ya mtu. Nyumba ndiyo iliyofanana na makao yake ya kale.

Umeme ulipoingia majumbani, mjusi huyo alipata neema nyingine. Taa huwavuta wadudu, naye hana haja ya kuzunguka akitafuta riziki. Humtosha kutulia kando ya mwanga na kungoja. Popo naye yuko vivyo hivyo, kwani gofu lenye giza na dari refu halina tofauti kubwa na pango la mwambani.

Lakini taa ile ile inayomneemesha mjusi humwangamiza kiumbe mwingine. Kasa hutaga mayai yake mchangani katika fuo za funguvisiwa la Lamu, zikiwemo zile za Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyoanzishwa mwaka 1979. Watoto wake wanapototoka usiku huufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa mamilioni ya miaka ulikuwa ni upande wa bahari. Penye taa za nyumba au hoteli, watoto hao hugeuka na kuelekea nchi kavu, ambako hufa kwa jua au kuliwa na kaa na ndege. Kasa huishi miaka mingi na huchelewa kuzaa. Umeme umefika fuoni ghafla, naye hajapata vizazi vya kutosha kuuzoea.

Hali ni hiyo hiyo kwa mbega wa Diani, kusini mwa Mombasa. Mnyama huyo hula majani na hupenda kupita juu kwa juu, mti hadi mti. Barabara ilipoikata miti, alilazimika kushuka chini, na wengi waligongwa na magari. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limekuwa likitundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega wavuke salama. Majirani zao kina tumbili na nyani, ambao hula karibu kila kitu, hawakungoja daraja. Wamejifunza kuingia jikoni na kunyakua mkate mezani.

Kutokana na mifano hiyo tunaona kanuni ya kwanza. Mji humpenda asiyechagua chakula, anayezaa kwa wingi na asiyeogopa jambo jipya. Mwenye kutegemea chakula cha aina moja, au mahali pamoja pa kuzalia, huwa wa kwanza kutoweka.

Kunguru, mgeni aliyealikwa

Hakuna anayeitimiza kanuni hiyo zaidi ya kunguru wa Kihindi, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu ambaye sasa amezagaa katika miji yote ya pwani ya Afrika Mashariki. Watoto wengi wa pwani humdhani kuwa ni ndege wa hapa tangu jadi, na sivyo.

Kunguru huyo asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa nia ya kusaidia kusafisha taka za mji. Kazi aliifanya, lakini hakuridhika na taka. Idadi yake iliongezeka, akavuka bahari, na mwaka 1947 alionekana Mombasa. Kutoka huko alienea kaskazini na kusini kwa kuifuata miji ya pwani. Aidha, ndege huyo ana mazoea ya kupanda meli na kusafiri nazo, na kwa njia hiyo amefika katika bandari nyingi za Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu.

Waswahili husema kunguru hafugiki. Ni kweli hafungiwi tunduni akatulia. Hata hivyo, huyu wa Kihindi hana habari ya kuishi mbali na binadamu. Watafiti wa ndege wanaeleza kwamba hakuna mahali panapojulikana duniani ambapo ndege hao wanaishi kwa kujitegemea, bila ya mji, kijiji au kambi ya watu. Chakula chao kikubwa ni mabaki yetu: matumbo ya samaki yanayotupwa ufuoni, makombo ya hotelini, taka za sokoni na za machinjioni.

Werevu wake ndio silaha yake. Jamaa za kunguru ni miongoni mwa ndege wenye akili nyingi zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, mtafiti John Marzluff na wenzake walianza jaribio mwaka 2006 ambapo waliwanasa kunguru wa huko wakiwa wamevaa vinyago vya sura maalumu. Walipovivaa tena baadaye, kunguru waliwazomea na kuwashambulia. Hata ndege ambao hawakunaswa walijifunza kutoka kwa wenzao kwamba sura ile ni ya adui. Hiyo ndiyo njia ya pili tuliyoitaja, yaani kujifunza. Anayemtegea kunguru mtego leo atapata taabu kumnasa mwenzake kesho kwa mtego ule ule.

Jambo jingine lililompa nguvu ni kwamba aliwaacha maadui zake kwao. Huko Bara Hindi yuko ndege wa jamii ya kekeo ambaye hutaga mayai yake katika kiota cha kunguru, na makinda yake yakalelewa na mwenye kiota kwa gharama ya makinda yake mwenyewe. Afrika Mashariki kunguru huyo hana mpinzani wa namna hiyo.

Hasara zake ni nyingi. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, huvunja viota vya kwera, hunyakua vifaranga, na hudona vidonda vya mifugo hadi vikashindwa kupona. Katika mji kama Lamu, ambako punda ndiye lori na ndiye teksi, jambo hilo si dogo. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza liliweka kituo cha kuwatibu punda mjini humo mwaka 1987, na jeraha la mgongoni linalotokana na matandiko mabaya ni mwaliko kwa kunguru. Naye kunguru wa asili wa Afrika, mwenye kifua na shingo nyeupe, amesukumwa nje ya miji mingi ya pwani na mgeni huyo.

Serikali za Afrika Mashariki zimejaribu zaidi ya mara moja kumpunguza. Mwaka 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja kwa kutumia, miongoni mwa njia nyingine, sumu maalumu ya ndege iitwayo Starlicide. Sumu hiyo ilikuwa imewahi kutumika katika pwani ya Kenya miaka ya nyuma, na idadi ya kunguru ilipungua sana katika miji iliyohusika. Ilipoachwa kutumika, idadi ilipanda tena.

Kisa cha kupanda huko si siri. Kila mji una kiasi fulani cha taka, na kiasi hicho kinaweza kulisha idadi fulani ya kunguru. Ukiua nusu yao na kuliacha jaa lilivyo, wale waliosalia watapata chakula maradufu, watalea makinda mengi zaidi, na baada ya misimu michache pengo litakuwa limezibwa. Sumu huondoa kunguru wa leo. Kunguru wa kesho huondolewa na ufagio.

Hali hiyo haipo pwani peke yake. Jijini Nairobi, ndege wakubwa aina ya marabou, wenye vichwa vyenye upara na mfuko shingoni, hujazana katika jaa la Dandora na kulala juu ya miti kandokando ya barabara kuu. Jijini Kampala wamekuwa kama wakazi rasmi. Hakuna aliyewaleta. Waliifuata harufu ya mabaki ya machinjioni, wakakuta kwamba mji una mizoga mingi kuliko mbuga, na hauna simba wa kugombania naye.

Panya, paka na safari za majahazi

Historia ya viumbe wanaotufuata ni ndefu kuliko historia ya kunguru. Katika kisiwa cha Unguja, mahali paitwapo Unguja Ukuu, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mifupa ya panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mnyama huyo alikuwako huko tangu karne za kwanza za bandari hiyo, kati ya karne ya saba na ya nane. Majahazi yaliyoleta shanga na vyombo vya kauri yaliwaleta na panya, bila ya kuwatoza nauli.

Penye panya hufika paka. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha kwamba paka wote wa majumbani wanatokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, wa jamii ile ile ya paka-mwitu tunaowaona Afrika. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani yapata miaka 10,000 iliyopita, panya waliifuata nafaka na paka wakawafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus limepatikana kaburi lenye umri wa takriban miaka 9,500 ambamo mtu alizikwa pamoja na paka.

Hivyo, tofauti na ng'ombe au mbuzi, paka hakukamatwa akafungwa kamba. Alijileta mwenyewe, akaona faida, naye mtu akaona faida, wakakaa pamoja. Paka wa Lamu, warefu wa miguu na wembamba wa kiwiliwili, ni ukumbusho wa mapatano hayo. Wengi wao hawana mwenyewe. Huishi vichochoroni na gatini, wakingoja wavuvi waparuze samaki. Hudaiwa kwamba wametokana na paka wa Misri ya kale. Hilo ni jambo la masimulizi. Lililo wazi ni kwamba wanaishi nusu mwituni na nusu mjini, kama babu zao walivyoishi ghalani.

Wanyama wengine huafikiana na mtu kwa kugawana saa badala ya mahali. Mwaka 2018 jarida la Science la Marekani lilichapisha uchambuzi wa takwimu za aina 62 za mamalia kutoka mabara sita, uliobainisha kwamba wanyama wanaoishi karibu na watu huhamishia shughuli zao usiku zaidi kuliko wale walio mbali. Huko Harar, mji wa kale wa Kiislamu nchini Ethiopia wenye ukuta kama boma, fisi huingia usiku kupitia matundu ya ukuta, wakala mifupa na mabaki, na alfajiri wakatoka. Mchana mji ni wa watu, usiku ni wa fisi.

Mbu wa Rabai na ugonjwa wa Lamu

Mpaka hapa tumezungumza juu ya viumbe wanaoonekana. Yule aliyetuzoea kuliko wote, hata maumbile yake yakabadilika kwa ajili yetu, ni mdogo na huuma kimyakimya. Naye ni mbu aina ya Aedes aegypti, mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya manjano, dengi na chikungunya.

Hapa ndipo ilipo njia ya tatu, na ushahidi wake mzuri zaidi duniani umetoka pwani ya Kenya. Katika eneo la Rabai, Kaunti ya Kilifi, watafiti tangu miaka ya 1970 waliona kwamba mbu hao walikuwa wa namna mbili. Wale wa msituni walitaga mayai katika matundu ya miti yenye maji na kupendelea damu ya wanyama. Wale wa majumbani walitaga katika mitungi ya maji na kumpendelea binadamu. Umbali baina yao ulikuwa mfupi, lakini tabia zao zilikuwa mbalimbali.

Mwaka 2014, mtafiti Carolyn McBride na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa mbu wa Rabai. Waligundua kwamba mbu wa majumbani wana badiliko katika kinasaba kinachohusika na kunusa, linalowafanya waihisi kwa nguvu zaidi kemikali moja iliyo nyingi katika harufu ya mwili wa binadamu. Kwa maneno mengine, mbu huyo hakujifunza tu kumpenda mtu. Amezaliwa akiwa na pua ya kumtafuta.

Lakini kwa nini alibadilika? Jibu lilipatikana mwaka 2020, baada ya mbu wa sehemu 27 za Afrika kusini mwa Sahara kulinganishwa. Mbu waliompenda mtu zaidi walitoka katika sehemu zenye kiangazi kirefu na kikali, na katika miji yenye msongamano mkubwa. Maana yake inaeleweka. Kiangazi kinapokausha matundu ya miti na madimbwi, maji pekee yanayobaki ni yale yaliyohifadhiwa na watu. Mbu asiyejua kukaa na watu hufa bila kizazi. Anayejua hubaki na kuzaa. Baada ya vizazi vingi, waliobaki wote ni wa kwetu.

Sasa turejee Lamu. Maji matamu ya kisiwa hicho hutoka katika visima vilivyochimbwa kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunyonya mvua na kuihifadhi chini juu ya maji ya chumvi. Mvua inapopungua, maji huwa haba, na kila nyumba hujaza mapipa, mitungi na matangi. Watu huona haya kumwaga maji kabla hayajesha, na yale ya zamani huongezewa mapya.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka 2004, mwaka wa ukame na joto lisilo la kawaida. Katikati ya mwaka huo, homa kali iliyoambatana na maumivu ya viungo ililikumba eneo hilo. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa ambao jina lake limetoka katika lugha ya Kimakonde likiwa na maana ya kujikunja kwa maumivu, na ambao ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Uchunguzi wa damu uliofanywa Lamu Oktoba 2004 ulionyesha kwamba robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Makadirio yalikuwa watu 13,500 kati ya takriban 18,000 wa kisiwa hicho.

Ugonjwa huo haukuishia Lamu. Kabla ya mwaka kumalizika ulikuwa Mombasa. Mwaka 2005 ulifika Komoro, kisha ukaenea visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, na kufikia mwaka 2006 theluthi moja ya wakazi wa kisiwa cha Réunion walikuwa wameugua.

Watu wengi hudhani kwamba magonjwa ya mbu huletwa na mvua nyingi. Lamu ilifunza kinyume chake. Mbu wa mjini hahitaji mvua. Anahitaji pipa lisilofunikwa. Tena mayai yake yanaweza kukauka kwa miezi kadhaa yakiwa yamegandamana na ukuta wa chombo, na maji yanaporudi yakaanguliwa. Kutoka yai hadi mbu mkubwa huchukua yapata siku saba hadi kumi katika joto la pwani. Huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakimzuii vya kutosha.

Busara ya birika

Jambo la kutia moyo ni kwamba waliozijenga nyumba za kale za Lamu walikuwa na habari ya tatizo hilo kabla ya kuwapo darubini. Katika nyumba hizo, penye birika la maji ya kuogea na kutawadhia, wenyeji walikuwa na desturi ya kuweka visamaki vidogo. Visamaki hivyo vilikula viluwiluwi vya mbu, na maji yakakaa safi bila dawa yoyote.

Wajenzi hao walielewa kanuni ambayo miji mingi ya leo imeisahau. Hawakumfukuza kila kiumbe ndani ya nyumba. Walichagua nani wa kukaribishwa na kumwekea mahali pake ili amzuie asiyetakiwa. Mapipa ya plastiki na matangi yaliyochukua nafasi ya birika yaliingia bila visamaki, na mara nyingi bila kifuniko.

Haja ya kuikumbuka busara hiyo inazidi. Mbu mwingine kutoka Asia, Anopheles stephensi, ambaye hueneza malaria na hupenda kuzaliana katika matangi ya mijini, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, na mapema mwaka 2023 ilitangazwa kwamba amepatikana kaskazini mwa Kenya. Malaria katika Afrika Mashariki imezoeleka kuwa zaidi ugonjwa wa mashambani. Mbu huyo akienea, huenda msemo huo ukapoteza maana.

Wakati huo huo funguvisiwa la Lamu linakua. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilianza kazi mwaka 2021. Bandari huleta ajira, na historia ya panya na kunguru inatuonyesha kwamba huleta pia wageni wasiokuwa na pasipoti. Ukaguzi wa meli na mizigo usiishie kwenye ushuru. Wakaguzi wawe na jicho kwa ndege aliyetua mlingotini na maji yaliyotuama ndani ya matairi.

Kwa wakazi, hatua zinazohitajika hazina gharama kubwa. Kila chombo cha maji kifunikwe, na kisuguliwe ndani mara moja kwa juma ili mayai yabanduke. Matumbo ya samaki yazikwe au yakusanywe, yasiachwe ufuoni. Jaa la mji lizungushiwe uzio na taka zifukiwe kila siku. Vidonda vya punda vitibiwe mapema. Taa zinazoelekea fuo za kasa zizimwe au zikingwe katika msimu wa kutotoa.

Hatua hizo zikitazamwa pamoja, zinaonyesha jambo moja. Kunguru, panya na mbu hawakuivamia miji yetu kwa nguvu. Kila mmoja alikuta mlango uliokuwa wazi, iwe ni jaa, ghala au pipa, akaingia na kujizoesha. Mlango huo umo mikononi mwetu, na Lamu, iliyougua kwa ajili yake mwaka 2004, ina sababu kuliko mji mwingine wowote wa pwani ya kuufunga.